Bata Niliyemuua kwa Mdomo

Niliota juzi kuamkia jana kwamba niko mto Luhanyo nawinda bata bukini, peke yangu, na nitawasimulia kama ilivyokuwa. Anayetaka kucheka asubiri mwisho. Mimi mwenyewe kule ndotoni sikucheka hata kidogo. Aliyecheka ni bunduki.

Lakini kwanza mnijue, la sivyo mtaniona mwendawazimu. Naitwa Lutengano Sanga, kazi yangu ni kupima maziwa pale kituoni kwetu, huku juu milimani ambako mwezi wa sita sakitu huanguka na viazi huungua kwa baridi kabla ya kuona jua. Watu wanaleta keni zao asubuhi, mimi natumbukiza kile kipimo cha kioo, kikizama kupita mstari najua pametiwa maji. Hapo sina maneno mengi. Namwambia mwenyewe, "Rudi nayo nyumbani." Nimeshamrudisha mwenyekiti wa kijiji, nimemrudisha mchungaji, na mama yangu mzazi nimemrudisha mara mbili, mara ya pili ikiwa sikukuu.

Mke wangu anaitwa Bupe. Baba yake, Mzee Mwasomola, ana sharti la ukoo wao ambalo halina mjadala: mjukuu wa kwanza hapewi jina mpaka baba wa mtoto alete ndege wa mtoni aliyempata mwenyewe, akiwa peke yake. Si wa kufugwa, si wa kununua, wala si wa kusaidiwa na shemeji. Mzee humla mbele yenu, hufuta mikono, halafu ndipo hutamka jina. Basi binti yetu alipozaliwa nikachukua gobore la marehemu baba mdogo, lenye kibali chake, nikashuka Luhanyo asubuhi tatu mfululizo. Asubuhi zote tatu bata walikuwepo, nami nilikuwepo. Baruti ndiyo ilikuwa imelowa.

Asubuhi ya nne nikapitia mnadani. Nikanunua bata bukini wa kufugwa, mweupe, mnene, mpole, akanifuata nyuma bila hata kamba. Nikamchinja, nikamnyonyoa kichakani, nikamtoboa mara tatu kwa msumari ili paonekane matundu ya risasi, nikampeleka ukweni.

Ningekabidhi nikanyamaza, pengine yangeishia hapo. Lakini nilipewa kiti, nikapewa chai, na mtu akishapewa kiti na chai mdomo wake unakuwa na miguu. Nikaeleza kwamba ilikuwa saa kumi na mbili na robo asubuhi, bata yuko ng'ambo ya mto, mfyatuo mmoja tu, risasi zote chini ya bawa la kushoto. Nikaona wananisikiliza vizuri, nikaongeza kwamba alizunguka mara mbili hewani ndipo akaanguka. Mzee akala, akafuta mikono, akampa mtoto jina la mama mzazi wa yeye Mzee: Tulinagwe.

Sasa mtoto ana miezi minane na hageuki ukimwita. Gonga sufuria, anageuka. Mbuzi akilia, anageuka. Ukiita "Tulinagwe" anaendelea kutazama ukuta kama anayeitwa ni jirani. Zahanati walimpima masikio wakasema ni mazima kuliko ya kwao. Bupe ameanza kukonda kwa wasiwasi, ananiuliza kila jioni mtoto ana nini, nami kila jioni nasema sijui. Naogopa kwamba najua. Hayo ndiyo niliyoingia nayo kitandani, pamoja na kofia yangu ya sufu, maana siku hizi bila kofia hulali.

Basi niko mtoni. Sijui nimefikaje. Nilikuwa nimeshika shuka, shuka likawa ukungu, ukungu ukapungua, nikajikuta nimesimama kwenye njia ya kuteremkia Luhanyo, alfajiri, bunduki begani. Katikati ya njia ameketi ofisa. Ofisa mwenyewe ni keni la maziwa la lita arobaini, limevaa mfuniko wake upande, kama mtu mwenye cheo.

"Mko wangapi?" likauliza.

Nikasema niko peke yangu.

"Hilo tutaliona," likasema, likaanza kuhesabu kwa kidole, ingawa vidole halina. Mimi, mmoja. Kivuli changu, wawili. Koti nimenunuliwa na mke wangu, kwa hiyo mke wangu, watatu. Chai kwenye chupa imepikwa na mama yangu, kwa hiyo mama yangu, wanne. Likanitazama kwa masikitiko. "Umekuja na ukoo mzima, bwana Sanga. Sheria inasema peke yako."

Nikaacha kivuli. Hakikulalamika hata kidogo; kikakaa juu ya jiwe, kikanyoosha miguu, kikasema tangu nizaliwe hakijawahi kupewa likizo. Koti likajikunja lenyewe. Chupa ya chai ikashika mkono wa koti ili isipotee. Nikabaki na fulana, natetemeka.

"Na hiyo bunduki?"

Hapo ndipo bunduki ilipocheka, na ilicheka kwa kikohozi kilekile cha marehemu baba mdogo. Ikasema yenyewe haihesabiwi, kwa sababu haijawahi kumsaidia mtu yeyote. Keni likaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli tupu. Likaandika hewani, likasema ipite. Kofia yangu haikuulizwa, ingawa Bupe ndiye aliyeifuma alipokuwa mjamzito, kwa sababu keni halina shingo ya kutazamia juu. Nikapita nayo kimyakimya.

Mto Luhanyo ni wa baridi, hilo linajulikana hata Mbeya. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mto wenyewe nao unaisikia hiyo baridi. Niliukuta unatetemeka, mawe yanagongana chini kama meno. Ukaniomba nisiingie, kwa sababu miguu yangu ni ya baridi na wenyewe umetoka tu kupata joto kidogo pale kwenye kona. Nikauomba radhi. Ukasema si kitu, wawindaji wote ndivyo walivyo, ila wengine wanavaa soksi.

Sheria ya kuwinda bata ni kwamba asikuone. Nikaingia kwenye matete, nikajificha, na nadhani nilijificha vizuri mno. Natazama mkono wangu, haupo. Natazama miguu, haipo. Nataka kupapasa pua nijue kama iko, nakumbuka mkono sina. Bunduki imesimama hewani yenyewe, inaona haya. Siwezi kufyatua kwa kidole nisichojua kiko wapi. Nikakaa hivyo kwa muda, nikiwa sipo, na kusema kweli palikuwa na utulivu.

"Toka hapo, Sanga," sauti ikasema. "Kofia inaonekana."

Alikuwa bata bukini wa mwituni, dume, mwenye baka la kahawia jichoni. Alisimama kwenye mchanga kwa namna ya mtu aliyekwisha kustaafu. Nyuma yake kundi zima limejipanga, limenyamaza. Nikaona huyu ananizidi umri, nikamwamkia shikamoo.

"Ningesema marahaba," akajibu, "lakini maiti hapokei salamu."

Nikamuuliza nani kafa. Akasema amekufa yeye. Nikamwambia mbona amesimama. Akasema hilo ndilo analotaka nimweleze mimi.

"Uliniua mwezi wa kumi na moja," akasema, bila hasira, kama anayesoma tangazo. "Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mimi nilikuwa hapahapa nakula majani. Kunguru akaja akaniambia nimekufa, nimefia ukweni kwako, chini ya bawa la kushoto. Nikalitazama bawa, zima. Nikamwambia kunguru, huyo aliyenipiga ni nani? Akasema ni mpima maziwa. Nikakata tamaa. Nikajua mpima maziwa hawezi kusema uongo."

Akanieleza maisha yake tangu siku hiyo, na alieleza taratibu bila kuruka kitu. Mkewe alimfanyia matanga siku tatu. Yeye mwenyewe alihudhuria, akakaa nyuma, hakupewa chakula kwa sababu chakula kilikuwa cha wafiwa. Asubuhi wakihesabiana, mkubwa wao anamruka. Wakipaa, nafasi yake inaachwa wazi kwa heshima. Yeye anaruka ndani ya hiyo nafasi, na bado inaitwa wazi.

"Na ile ya kuzunguka mara mbili hewani," akauliza, "uliitoa wapi?"

Nikasema niliona itapendeza.

"Ilipendeza. Nimejaribu. Mara moja nafika, mara ya pili shingo inauma."

Ndipo nikamwona mwingine amekaa pembeni kwenye nyasi, mweupe, mnene, ana matundu matatu ubavuni kushoto yaliyolingana sawasawa kabisa. Nikamjua. Miguu yangu ilikuwa imeanza kurudi, nikatamani isirudi. Yule dume akasema huyu ndiye aliyekufa kweli, ila hakuna aliyemtaja mahali popote, kwa hiyo wote wanamwamkia kila asubuhi na chakula anapewa. Nikamtazama yule mweupe nikitafuta la kumwambia. Yeye akanitangulia.

"Mimi nilikufuata," akasema, "kwa sababu ulinisemesha vizuri."

Niliona aibu, jamani. Ile aibu ya kweli inayopanda mpaka masikioni. Nikainamisha kichwa nikatazama matope, na nilipoyatazama sana yakawa sakafu ya saruji. Nikainua kichwa. Niko kituoni.

Ni kituo chetu kilekile, na meza yangu ileile, ila mimi niko upande wa pili, upande wa wanaoleta. Bata wote wamepanga foleni, kila mmoja na keni lake dogo, wanazungumzia bei ya pumba. Nyuma ya meza kimesimama kile kipimo cha kioo, kimevaa koti langu jeupe la kazini na limekitosha vizuri.

"Leta," kikasema.

Nikasema sikuja na maziwa.

"Leta ile hadithi."

Nikafungua mdomo, hadithi ikamiminika ndani ya jagi. Ilikuwa nyeupe, ina povu, kwa macho haina tatizo lolote. Hata mimi nilijipa moyo. Kipimo kikavua koti, kikaruka ndani. Hakikuelea hata kidogo. Kilizama moja kwa moja mpaka chini, tukasikia kimegonga kitako cha jagi.

"Maji," kikasema kutoka huko chini.

Foleni nzima ikanong'ona. Mama yangu mzazi naye alikuwa kwenye foleni, sijui aliingia saa ngapi, akasema taratibu kwamba asubuhi hii ameingoja miaka mingi. Kipimo kikapanda, kikajifuta, kikaniambia kwa sauti yangu mwenyewe, "Rudi nayo nyumbani." Kumbe maneno yale ukiambiwa yanauma hivyo. Sikuwahi kujua.

Nikageuka niondoke, na mwisho wa foleni nikaona kitu kidogo kimejifunika blanketi. Ukikitazama kutoka kushoto ni bibi kizee, ukikitazama kutoka kulia ni mtoto. Miguu imelowa. Nyuma ya sikio amechomeka unyasi wa mtoni, wa kijani, umejikunja, kama akina mama wanavyochomeka ua wakienda kusuka ukili wa mikeka. Nikamsalimia, nikamuuliza yeye ni wa nani.

"Mimi ni Tulinagwe," akasema.

Nikamwambia haiwezekani, Tulinagwe yuko nyumbani amelala.

"Huyo ni mtoto. Mimi ni jina."

Akanieleza, akiwa anapuliza vidole. Alitamkwa vizuri, hana lawama na babu. Lakini kwa ukoo wao jina hupanda mgongoni kwa yule ndege aliyeliwa, ndiye hulivusha mpaka kwa mtoto. Akateremka hadi mtoni akamuulizia ndege wake. Akaambiwa amekufa. Akamkuta amesimama. Dume akamwambia yeye hawezi kumvusha mtu, kwa kuwa ni marehemu. Yule mweupe akasema angemvusha kwa moyo mmoja, lakini hakutajwa, na asiyetajwa hana njia. Basi amekaa ng'ambo miezi saba.

"Mkiita nasikia," akasema. "Naitika, abee. Lakini mto una kelele, hamnisikii. Na mtoto naye hana kosa. Anashangaa tu mnamwita nani."

Nilitaka kulia pale pale kwenye foleni, na nadhani nililia kidogo, kwa sababu bata mmoja alinipa kisogo kwa adabu. Nikamuuliza jina kama anasikia baridi. Akasema kichwani tu. Nikavua kofia ya Bupe nikamvisha, ikamfunika mpaka nyusi, na nilipomaliza kuivuta iwe sawa tulikuwa tumerudi mtoni, kwenye matete.

Nikaona kuna njia ya mkato. Nikamwambia yule dume kwamba jambo hili ni dogo: nimpige sasa hivi, kweli kweli, hadithi iwe sahihi, kila mtu apate haki yake. Dume hakupinga. Alisema angalau atajua amekufa. Akavuka ng'ambo, akapima mahali pake, akainua bawa la kushoto.

"Saa kumi na mbili na robo," akasema. "Nipo tayari. Nitazunguka mara moja. Ya pili sikuahidi."

Nikainua bunduki. Bunduki ikaninong'oneza kwamba leo baruti ni kavu, tena imeshangaa yenyewe. Namlenga. Mkewe amesimama pembeni, keshamaliza matanga, sasa hajui kama aanze upya. Yule mweupe ananitazama. Jina linanitazama, limeshika kofia kwa mikono miwili.

Sikilizeni. Miaka kumi na moja nimekuwa nikiwaambia watu kwamba maziwa uliyotia maji hata ukiyaongezea maziwa mengine, bado nayaona. Wanabisha, nawaonyesha mstari. Nami nilikuwa nimesimama pale nataka kuongezea. Nikashusha bunduki.

"Sasa unataka nini?" dume akauliza. "Bawa limeniuma."

"Nataka nikufufue."

Akafikiri. "Kwangu hiyo ni rahisi zaidi," akasema. "Kwako wewe sijui."

Kabla sijauliza inafanywaje, kiti cha mkwe wangu kikaja kinaelea juu ya maji, kimesimama wima. Ni kile kiti cha mti chenye mgongo uliopasuka, ambacho hakuna mwingine anayekikalia. Kikatia nanga mbele yangu. Nikapiga magoti kwenye matope nikasema yote: mnadani, msumari, saa kumi na mbili na robo, mara mbili hewani. Sikuacha kitu. Kiti kilinisikiliza mpaka mwisho, hakikunikatiza.

"Umesema vizuri," kikajibu. "Lakini mimi ni kiti. Kamwambie anayenikalia."

Nikakiomba kinifikishie tu salamu, nitafuata baadaye. Kikasema viti havipeleki salamu. Dume akaongeza kwamba niende kabla mzee hajanywa chai, kwa sababu nikipewa chai mimi nitaanza kuzungusha watu hewani. Nikaahidi. Jina likapanda mgongoni kwangu. Halikuwa na uzito wowote, baridi tu. Nikatia mguu mtoni, mto ukasema, "Si nilikwambia soksi," na maji yakanifika magotini, na nikaamka.

Miguu iko nje ya blanketi. Nje kumekucha, sakitu imeanguka, Bupe yuko jikoni nasikia anavunja kuni. Kichwa changu ni kitupu na masikio yameganda. Nikapapasa chini ya mto, nikapapasa chini ya kitanda, kofia hakuna. Mtoto amelala upande wa mama yake, amefunikwa gubigubi. Sikumfunua. Nilitazama saa, nikaona imebaki robo tu mzee anywe chai, nikavaa viatu nikatoka mbio bila kuaga.

Nilimkuta Mzee Mwasomola ameketi kwenye kiti chake, kikombe mkononi, moshi unampanda usoni. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniuliza mbona mbio asubuhi yote hii, kuna msiba? Nikamwomba, kwa heshima zote, aweke kikombe chini kwanza. Akaweka. Nikasema nikiwa nimesimama, kwa sababu kiti nilikataa.

Nilisema kila kitu. Ilikuwa mara yangu ya pili asubuhi hiyo, lakini mara ya kwanza ilikuwa rahisi zaidi; kiti hakina macho. Nilimwambia pia kwamba nadhani mtoto hageuki kwa sababu yangu, na kama anataka kulirudisha jina la mama yake alirudishe, sina la kusema. Mzee akakisogeza kikombe pembeni.

"Baba Tuli," akasema, "mimi nimekula bata wa mtoni tangu nina meno ya utotoni. Bata wa mtoni ni mifupa na hasira. Yule wako mafuta yalinifika kwenye kiwiko. Nilijua kabla sijameza."

Nikamuuliza mbona basi alitoa jina.

"Nilikuwa nimeshakula. Na mtoto ana siku arobaini hana jina, ningefanyaje? Nikasema huyu ni mpima maziwa, atarudi mwenyewe. Sikujua utakuja baada ya miezi saba." Akachukua kikombe, akakiweka tena. "Na ile ya kuzunguka mara mbili hewani?"

"Hakuzunguka, baba."

"Hapo ndipo uliponihuzunisha," akasema. "Hapo nilipapenda." Akacheka mpaka kiti kikalia.

Tukasikia hodi. Bupe aliingia anahema, mtoto mgongoni, uso umekunjwa, na mkononi ameshika kofia yangu. Alimwamkia baba yake haraka, akanigeukia mimi. Akataka nimweleze ni akili gani hii, kumvisha mtoto kofia iliyolowa tepetepe kwenye baridi kama hii, halafu kukimbilia ukweni. Ameikamua, imetoa maji ya kujaza kikombe. Nikamwambia sikumvisha mimi. Akaniuliza kama amejivisha mwenyewe.

Mzee hakuingilia. Aliitazama kofia, akanitazama mimi, akamtazama mtoto aliyekuwa mgongoni kwa mama yake anachunguza ukuta. Akainama mbele kidogo na kuita kwa sauti ndogo, ile ya kumwita mtu aliye karibu.

"Tulinagwe."

Mtoto akageuka. Hakugeuka kwa kushtuka kama anavyofanya kwa sufuria. Aligeuka taratibu, akamtafuta aliyemwita, akamwona, akamtolea babu yake sauti fulani ya kuitika ambayo bado haijawa neno. Mzee akaita tena. Akaitika tena. Bupe akakaa chini sakafuni na mtoto wake, kofia ikamdondoka, akawa analia na kucheka na kusema ndaga, ndaga, sijui akimshukuru nani kati yetu.

Mzee akasema bado ananidai bata wake wa mtoni, na Jumatatu nitashuka mtoni kumtafuta, peke yangu. Nikasema sawa, ila yuko mmoja mwenye baka la kahawia jichoni ambaye huyo sitampiga. Hakuniuliza kwa nini.

Nikapiga magoti nimfute mtoto nywele, maana zilikuwa bado mbichi. Nyuma ya sikio lake palikuwa na unyasi wa mtoni, wa kijani, umejikunja. Nikautoa polepole nikautia mfukoni, na ulikuwa bado na baridi.